Namna ya kuunganisha spika kadhaa kwa amplifaya ya gita bila kuiunguza

AMPLIFAYA ya gita yaweza kuungua kabla ya wimbo wa kwanza kumalizika, hata ikiwa mpya na hata mpigaji akiwa hodari. Chanzo cha hasara hiyo aghalabu huwa nyuma ya mtambo, pale nyaya za spika zinapochomekwa.

Bendi inayotumbuiza harusini, kanisa linaloandaa mkutano wa injili uwanjani na klabu inayowaalika wanamuziki wa benga hukumbwa na haja ile ile. Ukumbi ni mpana, kasha moja la spika linaonekana dogo, na kando yake kuna jingine lililoazimwa. Swali ni iwapo makasha hayo mawili yaweza kuunganishwa kwa amplifaya moja.

Jibu ni ndiyo, ila kwa masharti. Plagi kutoshea tunduni si idhini ya kuunganisha. Kinachoamua ni hesabu ndogo ya ukinzani wa umeme. Tarakimu zake huandikwa nyuma ya amplifaya na nyuma ya kasha, lakini wengi huzipita bila kuzisoma.

Maana ya ukinzani

Ukinzani ni kiasi ambacho kifaa huupinga mkondo wa umeme unaopita ndani yake. Hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mnamo 1827. Alama ya kipimo hicho ni herufi ya Kigiriki Ω, inayofanana na kwato ya chuma ya farasi.

Spika nyingi za gita hutengenezwa zikiwa za omu 4, 8 au 16. Kadiri omu zinavyopungua, ndivyo mkondo unavyopata njia pana zaidi, na ndivyo amplifaya inavyolazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Ni sawa na tangi la maji: mifereji miwili ikifunguliwa kwa pamoja, tangi hutoa maji mengi kuliko mfereji mmoja ukifunguliwa.

Kusema kweli, ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopigwa, iwe nzito au nyembamba. Tarakimu iliyoandikwa kwenye kibandiko ni kadirio ambalo watengenezaji hulitumia, nalo latosha kwa hesabu zote zinazofuata.

Sambamba na mfululizo

Spika huunganishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya sambamba, ambapo kila kasha hupokea umeme moja kwa moja kutoka kwa amplifaya. Kwa njia hii ukinzani wa jumla hupungua. Makasha yakiwa na omu sawa, omu za kasha moja hugawanywa kwa idadi ya makasha:

Makasha mawili ya omu 16 huwa omu 8.
Makasha mawili ya omu 8 huwa omu 4.
Makasha mawili ya omu 4 huwa omu 2.
Makasha manne ya omu 16 huwa omu 4.

Iwapo makasha mawili yana omu tofauti, zidisha omu za moja kwa omu za jingine, kisha gawanya kwa jumla yake. Mathalani, kasha la omu 8 na la omu 16 hutoa 128 gawanya kwa 24, yaani takriban omu 5.3.

Njia ya pili ni ya mfululizo, ambapo umeme hupita katika kasha la kwanza ndipo uingie la pili. Hapa omu hujumlishwa: 8 na 8 huwa 16. Njia hii ina kasoro moja kubwa. Waya wa spika moja ukikatika, makasha yote hunyamaza na amplifaya hubaki bila mzigo wowote.

Jambo la kukumbuka ni kwamba matundu mawili ya spika yaliyo nyuma ya amplifaya, kwa kawaida, yameunganishwa sambamba. Vivyo hivyo kwa kasha lenye matundu mawili: waya ukitoka katika kasha la kwanza hadi la pili, makasha hayo hayajafuatana kwa mfululizo hata kama yanaonekana hivyo kwa macho. Kwa kawaida ni sambamba pia, na omu zinapungua. Zipo amplifaya chache na makasha machache yaliyoundwa vinginevyo, na hilo huelezwa katika kijitabu cha maelezo.

Vali na transista haziogopi kitu kimoja

Kabla ya kufanya hesabu, ni sharti mwenye mtambo ajue ni wa aina gani. Amplifaya za vali zina chupa ndogo za kioo ndani yake zinazowaka mwanga hafifu wa rangi ya chungwa. Za transista hazina chupa hizo, na aghalabu huwa nyepesi zaidi.

Amplifaya ya transista huogopa omu chache kupita kiasi. Chukua mfano wa inayotoa wati 100 kwa spika ya omu 8. Hapo hutumia takriban volti 28 na mkondo wa ampea 3.5. Spika zikifikishwa omu 4 kwa volti zile zile, mkondo hupanda hadi ampea 7. Zikifikishwa omu 2, mkondo hufika ampea 14.

Ikiwa kibandiko chasema kima cha chini ni omu 4, basi omu 2 ni kuitwisha amplifaya mzigo maradufu ya ule iliyoundiwa. Transista huchemka, fyuzi hukatika au mtambo hujizima ili ujiokoe. Usipokuwa na kinga hiyo, huungua. Kwa upande mwingine, omu nyingi haziidhuru. Sauti hupungua tu.

Amplifaya ya vali ni kisa kingine. Kati ya vali na spika kuna transfoma inayolinganisha ukinzani wa pande hizo mbili. Ndiyo sababu nyuma yake huwa na swichi au matundu yaliyoandikwa 4, 8 na 16. Transfoma hutarajia kukuta omu zile zile zilizochaguliwa.

Adui mkubwa wa amplifaya ya vali ni kupigwa bila spika yoyote. Nguvu inayokosa pa kwenda hurudi nyuma na kupandisha volti ndani ya transfoma, hadi cheche zikaruka na vihami vya nyaya vikatoboka. Transfoma hiyo ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi za mtambo, na kuipata nyingine ya kufanana si rahisi.

Kwa hivyo, anayeondoa kasha kwenye amplifaya ya vali inayowaka, hata kwa sekunde chache ili kubadilisha waya, anacheza na moto.

Makasha mawili ya spika nne nne

Mfano unaofahamika zaidi ni ule wa amplifaya ya vali ya wati 100 iliyowekwa juu ya makasha mawili, kila moja likiwa na spika nne za inchi 12. Mtindo huo ulianzia London katikati ya miaka ya 1960. Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ala za muziki eneo la Hanwell, alimtengenezea Pete Townshend wa bendi ya The Who kasha la spika nane. Uzito wake uliwalemea wachukuzi wa vyombo, likagawanywa kuwa mawili.

Ndani ya kasha la namna hii, spika nne za omu 16 huunganishwa mbili mbili kwa mfululizo, na kila jozi ikawa omu 32. Kisha jozi hizo mbili huunganishwa sambamba, na ukinzani ukarudi omu 16. Ndiyo maana kasha zima huandikwa omu 16, sawa na spika moja iliyomo ndani.

Kosa hutokea kasha la pili linapoongezwa. Mpiga gita huona omu 16 zimeandikwa kwenye kasha la chini na omu 16 kwenye la juu, akaiacha swichi ya amplifaya kwenye 16. Lakini makasha hayo mawili yakiwa sambamba ni omu 8, na swichi yapasa kuwekwa kwenye 8. Likiondolewa kasha moja, swichi irudishwe kwenye 16. Swichi hiyo huzungushwa mtambo ukiwa umezimwa, si vinginevyo.

Je, likiwepo kasha moja la omu 16 na jingine la omu 8? Jumla ni omu 5.3, na hakuna swichi ya idadi hiyo. Iliyo karibu zaidi ni 4, lakini mwenye kuuthamini mtambo wake atafuta makasha yanayolingana. Kwa amplifaya ya transista yenye kima cha chini cha omu 4, mchanganyiko huo hauna neno.

Aidha, yapo makasha yenye swichi ya kuchagua kati ya kutumika kama kasha moja na kugawanywa pande mbili za spika mbili mbili. Omu hubadilika kwa kila chaguo, na zote huandikwa kwenye bamba la nyuma. Si busara kukisia.

Baadhi ya amplifaya zina tundu kuu la spika na tundu la nyongeza. Katika nyingi za aina hiyo, tundu kuu lisipochomekwa kitu, mtambo hujiunganisha wenyewe shoti kama kinga. Tundu kuu litumike kwanza, na la nyongeza lifuate.

Kugawana wati

Omu zikishalingana, bado kuna suala la nguvu. Kila spika ina kikomo cha wati inazoweza kustahimili. Spika nne za wati 25 katika kasha moja hustahimili wati 100 kwa jumla, kwa sababu kila moja hupokea robo.

Tatizo huja makasha yasipofanana. Tuseme amplifaya ya wati 100 imeunganishwa sambamba na kasha kubwa la wati 100 na kasha dogo la wati 30, yote mawili yakiwa ya omu 8. Haidhuru moja ni kubwa na jingine ni dogo. Umeme hautazami ukubwa wa mbao. Kila moja litapokea wati 50, na lile dogo litapasuka.

Omu zikitofautiana, mgawo nao hutofautiana. Kasha la omu 8 likiwa sambamba na la omu 16, la omu 8 huchukua theluthi mbili za nguvu yote. Kwa amplifaya ya wati 100 hizo ni takriban wati 67 kwa la kwanza na 33 kwa la pili.

Isitoshe, amplifaya ya vali ikisukumwa hadi sauti ikwaruze, hutoa nguvu inayozidi ile iliyoandikwa. Kwa sababu hiyo mafundi hupendelea spika zenye uwezo wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya wati za amplifaya.

Waya wa gita si waya wa spika

Waya utokao kwenye gita na ule uendao kwenye spika huweza kuwa na plagi zinazofanana kabisa. Ndani yake, hata hivyo, ni vitu viwili tofauti.

Waya wa gita una uzi mwembamba katikati, uliozungukwa na wavu wa kuzuia kelele. Uliundwa kubeba umeme mdogo mno. Waya wa spika una nyuzi mbili nene zilizo sawa. Waya wa gita ukitumiwa kwa spika, huweza kupata joto, plastiki yake ikayeyuka na nyuzi zikagusana. Hapo transista hupatwa na shoti. Uzi ukikatika kabisa, amplifaya ya vali hubaki bila mzigo.

Waya wa spika wa unene wa milimita mraba 1.5 au 2.5 unafaa kwa umbali wa mita chache. Uwe wa nyuzi nyingi nyororo, kwa kuwa ule mgumu wa kuwekwa ukutani huvunjika ukikunjwa mara kwa mara. Njia rahisi ya kuepuka mkanganyiko jukwaani ni kuzifunga nyaya zote za spika utepe wa rangi moja, mwekundu kwa mfano, katika ncha zote mbili.

Kupima kabla ya kuamini

Kibandiko huweza kusema uongo. Kasha lililopitia mikono mingi huenda lilibadilishiwa spika, na aliyezibadilisha hakugusa maandishi ya nyuma. Mita ya kawaida ya umeme, ile inayotumiwa na mafundi wa redio, hufichua ukweli kwa dakika moja.

Kasha litenganishwe na amplifaya kwanza. Mita iwekwe kwenye kipimo cha omu, waya wa spika uchomekwe kwenye kasha, kisha ncha moja ya mita iguse kichwa cha plagi ya upande wa pili na nyingine iguse shina lake. Mita husoma chini kidogo ya idadi iliyoandikwa, kwani hupima ukinzani wa waya wa spika ukiwa umetulia. Kasha la omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5, la omu 8 husoma 6 hadi 7, na la omu 16 husoma 12 hadi 14.

Mita ikisoma sufuri, kuna shoti. Isiposoma chochote, kuna waya uliokatika. Lipo pia tatizo lililofichika: katika kasha la spika nne za omu 16, moja ikikatika, jozi yake yote hunyamaza na kasha hubaki omu 32. Sauti bado hutoka, na wengi hawatambui, ilhali transfoma inateseka. Mita itaonyesha takriban maradufu ya kipimo cha kawaida.

Makasha yapimwe vilevile kama yanasukuma hewa upande mmoja. Betri ndogo ya volti 1.5 ikigusishwa kwenye plagi kwa nukta moja, huisogeza karatasi ya spika mbele au nyuma. Makasha yote yasogee upande ule ule. Yakipingana hakuna kitakachoungua, lakini sauti nzito humezana na gita likasikika kama limepwaya.

Utaratibu wa kuwasha na kuzima

Haraka haraka haina baraka, na jukwaani msemo huo una thamani ya pesa. Mpangilio ufaao ni huu:

Kwanza, amplifaya ikiwa imezimwa, soma omu za kila kasha na ufanye hesabu ya jumla.
Pili, chagua swichi au tundu linalolingana na jumla hiyo.
Tatu, chomeka nyaya za spika hadi mwisho na uzivute kidogo kuhakikisha hazijalegea.
Nne, teremsha sauti hadi sufuri, kisha uwashe. Yenye vali ipewe dakika moja ipate joto kabla ya swichi ya pili kuwashwa.
Tano, panda sauti polepole ukisikiliza kila kasha.

Wakati wa kufungasha, amplifaya huzimwa kwanza na nyaya za spika kutolewa mwisho.

Yasiyofaa kujaribiwa

Amplifaya mbili zisiunganishwe kamwe kwa kasha moja kwa wakati mmoja, isipokuwa kasha hilo limegawanywa kabisa pande mbili. Kila moja husukuma umeme ndani ya mwenzake, na zote mbili huweza kuharibika.

Spika zenye amplifaya yake ndani, zile zinazochomekwa kwenye umeme wa ukutani, hazifai kupokea waya kutoka tundu la spika la amplifaya ya gita. Hizo hupokea sauti kutoka kwa miksa au tundu maalumu lenye umeme mdogo.

Vilevile, pini ya tatu ya plagi ya ukutani, ile ya ardhi, isikatwe kwa nia ya kuondoa mngurumo. Kwa umeme wa volti 240 unaotumika nchini, pini hiyo ndiyo humkinga mpiga gita anayeshika nyuzi za chuma huku midomo yake ikigusa maikrofoni.

Amplifaya ikitoa harufu ya kuungua, ikikatakata sauti, au vali zake zikigeuka nyekundu kwa bamba la ndani, izimwe papo hapo. Asiye fundi asiifungue. Kapasita za amplifaya ya vali huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kasha la pili lina faida gani?

Wengi huongeza kasha wakidhani sauti itaongezeka maradufu. La hasha. Amplifaya ya vali iliyolinganishwa vyema hutoa wati zile zile, ziwe zinaenda kwa kasha moja au mawili. Hata wati zikiongezwa maradufu, ongezeko ni desibeli 3 pekee, na sikio la binadamu huhitaji takriban desibeli 10 ili lihisi sauti imekuwa maradufu.

Faida halisi ni kwamba spika zikiwa nyingi husukuma hewa zaidi, sauti nzito hujaa, na waliokaa kando husikia vyema zaidi. Kila spika nayo hubeba mzigo mwepesi zaidi.

Kwa ukumbi mkubwa au uwanja, njia salama na ya gharama nafuu ni kuacha kasha moja jukwaani, kuweka maikrofoni mbele ya spika yake, na kuipeleka sauti kwenye mitambo mikuu ya ukumbi. Hapo amplifaya ya gita hubaki na mzigo ule ule iliyoundiwa, na hakuna hesabu ya omu inayohitaji kurudiwa gizani wakati mashabiki wanasubiri.